Neno Hukatwa Kiungoni

Mama yangu, ambaye umri wake umekwisha kupita miaka 80, anayo kadi ya matibabu anayoihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi pamoja na hati yake ya ndoa na picha ya marehemu baba; na katika kadi hiyo, ambayo kwa muda wa miaka miwili imepita mikononi mwa matabibu watatu, maradhi ya magoti yake yameandikwa kwa sura tatu: mahali pa kwanza pameandikwa athraitis, mahali pa pili artheritis, na mahali pa tatu, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, arthitis. Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, aliniita barazani akanipa kadi ile, akaweka kidole juu ya neno la kwanza, kisha juu ya la pili, kisha juu ya la tatu, akaniuliza: "Mwanangu, haya ni maradhi matatu niliyo nayo, au ni mamoja?"

Huenda msomaji akadhani kuwa hilo ni swali la mtu asiyejua mambo ya hospitali. Mimi sikuliona hivyo, wala silioni hivyo leo. Mama alijifunza kusoma chuoni, mbele ya mwalimu, kabla hajazijua herufi za Kizungu. Na huko alifundishwa tangu utoto kwamba ba, ta na tha zina umbo moja, na kwamba kinachozitenga ni nukta moja chini, au nukta mbili juu, au nukta tatu juu, na kwamba atakayepoteza nukta moja amelipoteza neno, na pengine ameipoteza maana ya aya nzima. Mtu aliyelelewa katika adabu hiyo ya herufi hawezi kuamini upesi kwamba maneno matatu yenye sura tatu ni kitu kimoja, seuze yanapotaja jambo lililo ndani ya mwili wake mwenyewe. Nilimjibu kuwa ni maradhi mamoja. Akaniuliza tena: "Basi lipi ndilo sahihi, na maana yake nini?"

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu fupi, nalo ni kwamba hakuna lililo sahihi kati ya matatu yale: neno ni arthritis. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifungisha safari, kwa kuwa nilipoanza kuitafuta maana niliona kuwa nimeshika uzi mrefu ambao mwisho wake mmoja uko katika kisiwa cha Wayunani na mwisho wake wa pili uko hapa hapa petu, katika maneno ambayo mama amekuwa akiyatamka maisha yake yote.

Katika lugha ya Kiyunani, ambayo siku hizi wengi huiita Kigiriki, kiungo cha mwili huitwa arthron. Wanazuoni wa nasaba za maneno hulifungua neno hili mahali pawili: mwanzo wake ni ar, shina kongwe lenye maana ya kupachika kitu katika kitu hata vikaafikiana, na mwisho wake ni thron, kiishio kinachoumba jina la chombo, yaani jina la kile kinachoitenda kazi iliyotajwa na shina. Arthron basi ni kile kinachopachanisha. Shina hilo limezaa jamaa wengi. Warumi walipata humo artus, kiungo cha mwili, na ars, ufundi. Na Wayunani wenyewe walipata harmonia, neno ambalo leo ulimwengu mzima hulitumia kwa upatano wa sauti za muziki, lakini ambalo katika utenzi wa Homer juu ya misukosuko ya Odysseus ni neno la useremala: ni vifungio vilivyozishika mbao za chelezo alichojiundia shujaa yule ili aondoke katika kisiwa alikozuiliwa.

Hapa mtu wa pwani hawezi kupita bila kusimama kidogo. Katika karne ya 1 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mtu aliyeandika kwa Kiyunani alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia na wafanyabiashara katika bahari iliyoitwa ya Erythra, akaieleza pwani yetu ya Afrika ya Mashariki bandari kwa bandari. Na soko la mwisho alilolitaja huku kusini aliliita Rhapta, akaeleza mwenyewe kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa, maana katika Kiyunani kilichoshonwa ni rhaptos. Vyombo vya namna hiyo havikutoweka na zama zile, kwani mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma, uliendelea kukata maji hata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo miongoni mwa maneno ya awali kabisa yaliyoandikwa kwa Kiyunani juu ya pwani hii, limo jina la mji lililotokana na kazi ya kuunga ubao na ubao. Nilipolifahamu hilo niliona kwamba Wayunani na watu wa pwani hii si wageni kabisa wao kwa wao, na kwamba neno la kiungo lililoandikwa katika kadi ya mama halikuja kwenye nchi isiyojua maana ya kuunga.

Tazama basi jinsi Kiswahili kilivyofika mahali pale pale kwa njia yake chenyewe, pasipo kuazima kitu. Sisi husema kiungo, na neno hilo nalo lina mafundo yake: ki, ung, o. Katikati limekaa shina la kuunga, mwanzoni kimekaa kiambishi cha ngeli ya vitu na vyombo, na mwishoni imekaa ile irabu inayokigeuza kitendo kuwa jina la chombo cha kutendea, kama tunavyopata ufunguo katika kufungua na kifuniko katika kufunika. Arthron na kiungo, maneno ya watu waliotengana kwa bahari na kwa dahari, yamejengwa kwa ramani moja. Na kuunga kwetu ni kupana: seremala huunga mbao, mvuvi huunga kamba iliyokatika, mpishi huunga mboga kwa tui la nazi na kitunguu, na kwa sababu hiyo bizari, iliki na karafuu nazo huitwa viungo. Fauka ya hayo, watu wa pwani wanapotaka kuutaja mwili mzima husema maungo. Mtu aliyelemewa na homa husema maungo yanamuuma, kana kwamba mwili si kitu kingine ila mahali palipoungwa. Wayunani wa kale walikuwa na mwelekeo kama huo, maana katika tenzi za Homer shujaa anapouawa vitani husemwa kuwa magoti yake yamelegezwa, au viungo vyake vimefunguliwa.

Waarabu, ambao lugha yao imetulea kwa mengi, walikitazama kitu hicho hicho kutoka upande wa pili. Kwao kiungo ni mafsil, na shina lake ni fa, sad na lam: fasala, alitenga, alipambanua. Mafsil ni mahali pa kutengana. Mwanzoni nilidhani kuwa kauli hizi mbili zinapingana, Myunani na Mswahili wakisema hapa ndipo vitu vinapokutana, Mwarabu akisema hapa ndipo vinapoachana. Lakini nilipolitazama goti lenyewe niliona kuwa wote wamesema kweli, kwani mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana pale kwa sababu hiyo hiyo kwamba ni mifupa miwili, na lau kama ingekuwa mmoja, binadamu asingeweza kurukuu wala kusujudu wala kuketi mkekani. Kiungo ni umoja wa vilivyo mbalimbali, na lugha moja imeutaja umoja, nyingine imeutaja umbalimbali.

Na shina hilo la Kiarabu halikubaki kwa Waarabu. Humo ndimo tulimopata neno fasili. Wazee wetu humwelezea mtu asiyejulikana atokako wala aendako kuwa hana asili wala fasili, yaani hana mzizi wala tawi. Na katika elimu ya leo kufasili neno ni kulieleza maana yake kwa mipaka, hata likatengwa na maneno yasiyo lenyewe. Kufasili, kwa asili ya neno lenyewe, ni kukata penye kiungo. Sijui kama wale waliolichagua neno hilo kwa kazi ya kamusi walilikumbuka goti na kiwiko, lakini hawakukosea. Kwani karne nyingi kabla yao, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Plato, ambaye Waarabu humwita Aflatuni, aliandika katika majadiliano yake yaitwayo Phaedrus kwamba mwenye kutaka kuligawa jambo kwa fikra yampasa aligawe pale maumbile yalipoweka viungo, wala asivunje sehemu yoyote kama afanyavyo mchinjaji asiyeijua kazi yake. Na neno alilolitumia pale kwa viungo ni hilo hilo tulilo nalo katika kadi ya mama.

Aliyepata kumtazama fundi wa kuchinja akimkata mbuzi wa akika anaufahamu ukweli wa mfano huu kwa macho yake. Fundi hatumii nguvu. Kisu chake hutafuta, huingia mahali ambapo mfupa unaishia na mfupa mwingine unaanza, na paja hujitenga lenyewe, zima, safi, kama lililokuwa likingoja ruhusa. Asiyejua hushika shoka, akapiga katikati ya mfupa, na nyama yote ikajaa vipande vidogo vidogo ambavyo mlaji atavikuta baadaye kwa meno yake.

Sasa na tuliweke neno arthritis juu ya ubao huo na tutafute viungo vyake. Linakatika vipande viwili tu: arthr, ambalo ni arthron lililovua mwisho wake, na itis. Makosa yote matatu ya kadi ile ni mapigo ya shoka. Aliyeandika arthitis amelipoteza r la pili, ambalo ni sehemu ya kiishio kinacholifanya neno kuwa chombo; na kosa hilo hurudi katika maneno mengine ya ukoo huo, kwani mara nyingi nimeona hata katika maandishi ya wasomi r hilo likidondoka. Aliyeandika artheritis amechomeka irabu mahali ambapo Wayunani hawakuweka irabu, akalitenganisha th na r yake. Na aliyeandika athraitis amefanya mambo mawili: ameiacha r ya kwanza, ambayo ndiyo nusu ya shina zima la kupachika, na ameandika ai kwa kuwa ameandika sauti ya kinywa cha Mwingereza, ambaye huisoma i ya pale kama ai. Mwenye neno hakuitamka hivyo. I ile ya Kiyunani ilikuwa ni i ndefu, iliyo wazi, kama yetu; na Mswahili atakayezisoma herufi za neno arthritis kama zilivyo, moja moja, bila kumwigiza mtu, atakuwa karibu na matamshi ya Hippocrates kuliko tabibu aliyesomea London.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni hilo th. Katika maandishi ya Kiyunani si herufi mbili, ni moja, iitwayo theta, nayo katika zama za kale ilitamkwa kama t yenye pumzi nyuma yake, kisha kwa kupita karne ikalainika hadi kuwa sauti ile ile tunayoitoa sisi tunaposema thelathini, thamani na methali. Warumi, wasiokuwa na herufi ya sauti hiyo, waliiandika kwa t na h, na kutoka kwao desturi hiyo ikaenea Ulaya. Kwa hiyo h ya arthritis ina haki yake, na asiyeiandika amempokonya Myunani herufi nzima. Walakini h hiyo hiyo imepata kuandikwa kwa dhuluma mahali pengine. Kuna neno la kiungo kilichokakamaa hata hakikunjiki tena, ankylosis, linalotokana na ankylos, yaani kilichopinda. Na katika vitabu vya zamani vya Waingereza neno hilo huonekana likiandikwa anchylosis, kwa ch, kana kwamba Wayunani waliliandika kwa herufi yao yenye pumzi, ilhali wao waliliandika kwa kapa, k iliyo kavu kabisa. Wanazuoni walitaka kulipamba neno kwa vazi la Kiyunani wakalivisha lisilo lake. Nayasema haya ili ijulikane kuwa kukosea tahajia ya maneno haya si aibu ya matabibu wetu peke yao, kwani hata waliojiita warithi wa Wayunani walikosea, na pengine kwa fahari.

Ama kiishio itis, hadithi yake ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Siku hizi kila mwanafunzi wa utabibu hufundishwa kuwa itis ni uvimbe wenye moto na maumivu. Lakini kwa Wayunani haikuwa na maana hiyo hata kidogo. Ilikuwa ni alama ya sifa, na sifa yenyewe ya kike, iliyofuata jina nosos, maradhi, ambalo katika sarufi yao ni la jinsi ya kike. Walisema arthritis nosos, maradhi ya viungo, kama sisi tunavyosema maradhi ya moyo. Kisha kwa mazoea nosos ikaachwa isitamkwe, na sifa ikabaki peke yake ikibeba mzigo wa wote wawili. Nao upatanisho huo wa kisarufi, ambao Mwingereza huuona mgumu, kwetu ni jambo la kila siku, sisi ambao kila jina letu huvuta maneno yote yanayolifuata yavae vazi lake. Uvimbe uliingia katika itis baadaye sana, mikononi mwa matabibu wa Ulaya wa karne zilizo karibu nasi, hata mwaka 1886 Reginald Fitz wa Marekani alipoweza kukitwaa kiishio hicho cha Kiyunani akakibandika kwenye neno la Kirumi na kuupa uvimbe wa kidole-tumbo jina la appendicitis.

Kitabu mashuhuri cha Wayunani juu ya viungo kinanasibishwa na Hippocrates wa kisiwa cha Kos, aliyeishi tangu karibu mwaka 460 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nacho huitwa kwa ufupi Kitabu cha Viungo. Hakianzi kwa falsafa. Huanza moja kwa moja na bega lililoteguka, na njia za kulirudisha mahali pake, mojawapo ikiwa ni ile ya tabibu kuketi kando ya mgonjwa aliyelazwa chini, akaweka kisigino chake kwapani mwa mgonjwa na kuuvuta mkono wake. Na njia hiyo ingali ikiitwa kwa jina la Hippocrates hata leo. Baada yake alikuja Galen, yule Jalinusi wa Waarabu, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, akaviainisha viungo kwa namna vinavyokwenda, na kile kinachokwenda mbele na nyuma tu, kama kiwiko, alikiita ginglymos, ambalo ni jina la bawaba ya mlango. Ningependa kila mwalimu wa elimu ya mwili anayefundisha kwa Kiswahili aseme kiungo cha bawaba bila kusita, maana hapo hatafsiri neno la Kizungu. Anasema kile kile alichosema Galen, kwa neno ambalo kila mtoto aliyewahi kufunga mlango wa nyumba yao analijua.

Wayunani walilipenda neno arthron hata wakalitoa mwilini na kulipeleka katika lugha. Aristotle aliandika kwamba usemi ni sauti iliyotiwa viungo kwa ulimi, na kwamba mnyama ana sauti lakini hana viungo hivyo. Na wanasarufi waliofuata walilitumia neno hilo kwa kile kijineno kinachotangulia majina yao, kinachofanana na al ya Waarabu. Warumi walilifasiri kwa articulus, kiungo kidogo, na kutoka hapo likaenda hata kwenye vifungu vya sheria na kwenye maandishi ya magazeti, hivi kwamba Mzungu anapoiita makala kama hii, anaitaja kwa jina la kiungo cha kidole.

Lakini narudi kwa mama, kwa kuwa yeye alikuwa na jina lake la maradhi hayo kabla ya kadi yoyote. Yeye husema baridi yabisi, kama alivyosema mama yake. Na kwa muda mrefu niliwasikia watu waliosoma wakilitaja jina hilo kwa kulidharau, kana kwamba ni neno la mitaani lililosubiri elimu ije iliondoe, hata nami nikaingiwa na fikra hiyo. Ni fikra ya upotofu. Baridi na yabisi, yaani ubaridi na ukavu, ni sifa mbili katika zile nne ambazo Wayunani walizijengea utabibu wao wote, pamoja na joto na majimaji. Na kwa hesabu ya Galen, mahali ubaridi na ukavu vinapokutana ndipo palipo nyongo nyeusi. Elimu hiyo ilihamia kwa Waarabu huko Baghdad katika karne ya 9, mikononi mwa Hunayn ibn Ishaq, Mnasara wa al-Hira, aliyeacha risala ya kueleza vitabu 129 vya Galen na jinsi vilivyofasiriwa. Ikapangwa na Ibn Sina katika Kanuni yake mwanzoni mwa karne ya 11. Na pamoja na meli na vitabu na waganga ikafika pwani yetu, nasi tukapata humo tabia, mizaji, safura, na belghamu, ambalo ni phlegma la Kiyunani lililopita katika kinywa cha Mwarabu. Sioni njia nyingine ambayo kwayo maneno mawili ya sifa za Galen yangeweza kukutana katika jina la maradhi la bibi wa pwani. Kwa hiyo baridi yabisi si neno lisilo na elimu. Ni Kiyunani kilichokuja kwa njia ya kusi na kaskazi, na kilifika hapa kabla ya arthritis ya hospitali.

Na yafaa tuangalie walivyotenda wafasiri wale wa Baghdad, kwa kuwa walikuwa na shida iliyo yetu leo. Walipokutana na phlegma waliichukua sauti yake. Lakini walipokutana na arthritis hawakuichukua, walisema waja al-mafasil, maumivu ya viungo, kwa sababu maana yake ilikuwa wazi na lugha yao ilikuwa na maneno ya kuibeba. Waliazima palipokuwa na haja, wakafasiri palipokuwa na uwezo, na kila mara walijua wanakata wapi.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kwamba jina la mama linatosha. Halitoshi, wala arthritis haitoshi. Mtu huenda kwa tabibu akasema viungo vinaniuma, naye akaambiwa una arthritis. Amerudishiwa maneno yake mwenyewe katika Kiyunani, na hajaambiwa jambo jipya. Chini ya neno hilo moja madaktari wa leo huhesabu maradhi zaidi ya 100. Yako ya gegedu la kiungo kulika kwa umri na uzito na majeraha ya zamani; yako ya kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia utando wa ndani ya viungo, ambayo Alfred Baring Garrod wa London aliyapa jina la rheumatoid arthritis mwaka 1859 ili kuyatenga na jongo; liko jongo lenyewe, ambalo ni chembe kali za chumvi ya asidi ya yuriki zilizojikusanya kiungoni; na uko usaha wa vijidudu unaoweza kukiharibu kiungo kwa siku chache tu. Dawa za maradhi hayo si moja. Mwenye maradhi ya kinga akitibiwa mapema huokoa mikono yake, na akiambiwa kwa miaka mitano kwamba ni baridi tu, ajifunike na ajisugue mafuta ya moto, vidole vyake vitapinda na havitanyooka tena. Nimewaona wanawake wa namna hiyo, na wengine wao hawakupungukiwa na hospitali. Walipungukiwa na mtu wa kuwafasilia.

Hata rheumatism, ambalo wengi huliona neno la elimu kuliko baridi yabisi, ni dhana ya kale kama hiyo, maana rheuma kwa Kiyunani ni mtiririko, na walioliunda waliamini kuwa belghamu hutiririka kutoka kichwani ikatua kiungoni; na Guillaume de Baillou, tabibu wa Ufaransa ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1642 akiwa amekwisha kufa, ndiye aliyelihamishia neno hilo kwenye maradhi ya viungo. Mmoja amelaumu maji, mwingine amelaumu ukavu, na goti halikuwa na habari ya yeyote kati yao.

Rai yangu basi ni hii. Katika kadi ya mgonjwa, ambayo ni mali yake na habari yake, paandikwe kwa Kiswahili ni kiungo gani, na kimepatwa na nini: gegedu limelika, utando umevimba, kuna usaha, ni jongo. Likihitajika neno la Kiyunani kwa ajili ya tabibu atakayefuata, na liandikwe na herufi zake zote. Na wale wanaolitaka livae Kiswahili waandike arthritisi, wala wasiitupe r ya kwanza kwa kisingizio kuwa kinywa chetu hakiwezi, kwani kinywa kinachotamka ardhi kila siku hakishindwi na hilo. Wala wasiigeuze th kuwa t, sisi ambao tumejaaliwa sauti ambayo Wafaransa na Wajerumani wameikosa.

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama kliniki, na safari hii tulimkuta daktari kijana ambaye alimwamkia kwanza, shikamoo bibi, kisha akaliinua goti lake kwa mikono miwili, akalikunja na kulikunjua polepole akisikiliza. Mama alimpa kadi, akamwomba amwandikie kwa lugha atakayoweza kuisoma mwenyewe. Kijana yule aliandika: gegedu la magoti yote mawili limelika, si jongo; na chini yake, kwa herufi zilizotengana vizuri, akaandika osteoarthritis, akamweleza kuwa osteon ni mfupa. Mama aliisoma kadi kwa sauti pale pale, mara mbili. Tulipofika nyumbani aliniagiza kalamu ya risasi, akaketi karibu na dirisha penye mwanga, na juu ya th ya neno lile refu, mahali pake hasa, akaandika kwa mkono wa kutetemeka herufi ndogo ya tha, kisha akaziweka nukta zake tatu.